Timu ya UCLA Kabla ya Vita: Kutoka Vermont Avenue hadi Msimu wa 1939

1919: Haja ya chuo

Mwaka 1919 Los Angeles ulikuwa mji wa watu zaidi ya nusu milioni usio na chuo kikuu cha umma. Kijana aliyetaka kusoma katika chuo kikuu cha serikali ilimbidi afunge safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Berkeley, upande wa San Francisco, yaliko makao ya Chuo Kikuu cha California. Mjini kilikuwepo USC, lakini hicho kilikuwa cha binafsi. Waliolivalia njuga suala hilo ni wawili. Wa kwanza ni Edward Dickson, mwanahabari na mjumbe wa bodi iliyosimamia Berkeley. Wa pili ni Ernest Carroll Moore, mkuu wa chuo cha ualimu kilichokuwa Vermont Avenue. Tarehe 23 Mei 1919 gavana William Stephens alitia saini sheria iliyokigeuza chuo hicho cha ualimu kuwa Tawi la Kusini la Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1927 tawi hilo lilipata jina linalojulikana hadi leo, UCLA.

Masomo yalianza Septemba, na kabla vumbi la usajili halijatulia chuo kilikuwa tayari kina timu ya futiboli ya Kimarekani chini ya kocha Fred Cozens. Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba dhidi ya Manual Arts, shule ya sekondari ya mjini humo. Wanachuo walichapwa 74–0. Mwaka uliofuata walikutana na chuo kidogo cha Whittier wakafungwa 103–0. Misimu ya 1920 na 1921 ilipita bila ushindi hata mmoja.

Nimeyaweka matokeo haya mbele kwa makusudi, kwa sababu vijitabu vya maadhimisho huyaruka. Asiyejua kwamba timu hii ilipigwa na watoto wa sekondari hawezi kuelewa ilifika wapi miaka 20 baadaye.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji aliyezoea kandanda yetu, maelezo machache yatasaidia. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai unaobebwa, kurushwa na kupigwa teke. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa humkabidhi mpinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huitwa tachidauni na huzaa pointi 6, kisha hufuata nafasi ya kuongeza pointi moja. Teke linalopita kati ya nguzo mbili huzaa pointi 3.

Sheria za miaka ya 1930 zilikuwa na ugumu ambao wachezaji wa leo hawaujui. Aliyetolewa uwanjani hakuruhusiwa kurudi katika robo hiyo hiyo ya mchezo. Kwa hiyo watu 11 walewale walishambulia, wakalinda, wakapiga mateke na kupokea mateke, hadi nguvu ziwaishie. Ukisoma kwamba fulani alicheza dakika 580 kati ya 600 za msimu, ujue hazikuwa dakika za kusimama pembeni akisubiri zamu.

1925–1938: Miaka ya Spaulding

Mwaka 1925 kazi ya ukocha ilikabidhiwa Bill Spaulding, naye akaishika kwa misimu 14. Chini yake timu ilipata sura ya taasisi. Mwaka 1926 ilichukua jina la Bruins, na mwaka 1928 iliingia kwenye ligi ya Pwani ya Pasifiki pamoja na Stanford, Washington, Oregon na Berkeley wenyewe, na ikaanza kutumia uwanja mkubwa wa Los Angeles Memorial Coliseum. Mwaka 1929 chuo kizima kilihamia Westwood, kwenye vilima vya magharibi mwa jiji.

Uwanja wa Coliseum walikuwa wakiutumia pamoja na USC, na hapo ndipo uhasama ulipozaliwa. USC ilikuwa na Howard Jones, mmoja wa makocha wakubwa wa nchi nzima, na haikuwa na huruma kwa jirani mgeni. Pambano la kwanza, mwaka 1929, liliisha 76–0. La mwaka 1930 liliisha 52–0. Baada ya vipigo hivyo viwili timu hizo zilikaa hadi mwaka 1936 bila kukutana.

Spaulding alizitumia vizuri hizo nafasi za kupumua. Mwaka 1935 UCLA iligawana ubingwa wa ligi na Berkeley na Stanford. Mwaka 1936 ilirudi mbele ya USC na kutoka sare ya 7–7. Mwaka 1937 ilikuwa nyuma kwa 19–0 dakika zikiyoyoma, kisha kijana wa mwaka wake wa kwanza kikosini, Kenny Washington, akarusha mpira uliokwenda yadi 62 hewani hadi mikononi mwa Hal Hirshon. Punde akarusha mwingine uliozaa tachidauni ya pili. USC waliponea chupuchupu kwa 19–13, na jiji zima lilijua jina jipya limezaliwa.

1939: Kikosi cha Horrell

Spaulding alipoacha ukocha nafasi yake ilichukuliwa na Edwin Horrell, aliyeitwa na wote Babe. Alikuwa nahodha wa Berkeley mwaka 1924, kisha msaidizi wa Spaulding. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza kama mkuu wa benchi la ufundi.

Horrell alikuta kikosi ambacho hakikuwa na mfano katika vyuo vikubwa vya Marekani. Vyuo vingi vya wakati ule havikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja, na vingi vya Kusini vilikataa hata kuingia uwanjani na timu yenye mchezaji Mweusi. UCLA ilikuwa na wanne, na watatu kati yao walianza mechi.

Wa kwanza ni Washington, mzaliwa wa Los Angeles, aliyelelewa mtaa wa Lincoln Heights, mrushaji na mkimbiaji mkuu wa timu. Wa pili ni Woody Strode, mrefu, mwenye mwili wa mwanariadha wa michezo kumi, aliyecheza pembeni mwa mstari wa mbele. Wa tatu alikuwa mgeni wa mwaka huo, aliyetoka chuo cha miaka miwili cha Pasadena na ambaye kaka yake, Mack, alitwaa medali ya fedha ya mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Huyo ni Jackie Robinson. Wa nne, Ray Bartlett, naye wa Pasadena, alikuwa mchezaji wa akiba.

Milango ya chuo hiki ilikuwa imeanza kufunguka mapema. Ralph Bunche, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1950, alikuwa Mmarekani Mweusi aliyehitimu hapa mwaka 1927 akiwa wa kwanza darasani, na alicheza mpira wa kikapu wa chuo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kumkumbuka. Alipokuwa London mwaka 1937 akijiandaa kwa utafiti wake wa Kenya, alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta. Hata hivyo, mtaa wa Westwood wenyewe haukumpangishia mtu Mweusi chumba. Robinson na wenzake walishangiliwa Jumamosi, na siku za masomo walikuja asubuhi na kuondoka jioni kurudi kwao, kwa kuwa hapakuwa na mwenye nyumba jirani na chuo ambaye angewapokea.

Septemba hadi Novemba 1939

Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba. Siku mbili baadaye Uingereza ilitangaza vita, na kwa tangazo hilo Kenya, Uganda na Tanganyika nazo zikawa vitani. Marekani ilibaki pembeni, na vijana wa UCLA waliendelea na mazoezi yao huku magazeti yakileta habari za Warsaw.

Mechi ya kwanza ilichezwa Coliseum usiku wa tarehe 29 Septemba dhidi ya Texas Christian, mabingwa wa taifa wa mwaka 1938 ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu mzima uliopita. Timu hiyo ya Texas, jimbo la ubaguzi wa kisheria, iliingia kupambana na Washington, Robinson na Strode, na ikalala 6–2. Safari iliyofuata ilikuwa ya kaskazini hadi Washington, ambako Robinson alirudisha teke la mpinzani kwa mbio ndefu iliyogeuza mchezo.

Dhidi ya Stanford timu ilikuwa nyuma kwa pointi 7 mchezo ukielekea ukingoni. Robinson aliunasa mpira uliorushwa na mpinzani, akakimbia nao hadi karibu na mstari wa Stanford, na tachidauni ilipopatikana yeye mwenyewe akapiga teke la pointi ya kusawazisha. Katika mechi ya Oregon alifunga mara mbili: kwanza kwa kupokea mpira wa Washington, kisha kwa mbio ya zaidi ya yadi 80. Mwisho wa msimu wastani wake ulikuwa yadi 12 kila alipokabidhiwa mpira kukimbia. Kwa mchezo ambao yadi 4 ni mavuno mazuri, takwimu hiyo inasema yote.

| Mpinzani | Matokeo |
|---|---|
| Texas Christian | Ushindi 6–2 |
| Washington | Ushindi 14–7 |
| Stanford | Sare 14–14 |
| Montana | Ushindi 20–6 |
| Oregon | Ushindi 16–6 |
| California (Berkeley) | Ushindi 20–7 |
| Santa Clara | Suluhu 0–0 |
| Oregon State | Sare 13–13 |
| Washington State | Ushindi 24–7 |
| USC | Suluhu 0–0 |

Ushindi dhidi ya Berkeley ulikuwa na ladha ya pekee, kwa tawi lililokishinda chuo mama na kwa kocha aliyewashinda watu wake wa zamani. Suluhu ya Santa Clara ilikuwa bei ya goti la Robinson, aliyeumia mazoezini na kuikosa mechi hiyo.

Mwaka huo huo chama cha wahitimu kiliwazawadia wanafunzi kengele iliyotolewa kwenye kichwa cha treni ya mizigo ya kampuni ya Southern Pacific. Ina uzito wa kilo 134 hivi. Timu ikifunga, kengele ilipigwa, pigo moja kwa kila pointi. Tutakutana nayo tena.

9 Desemba 1939

Watu 103,303 waliingia Coliseum siku hiyo. UCLA na USC zote zilifika bila kufungwa, na kilichokuwa mezani ni ubingwa wa ligi pamoja na nafasi ya kucheza Rose Bowl, mechi kubwa ya siku ya Mwaka Mpya. Kwa UCLA, iliyokuwa na umri wa miaka 20 tu, ingekuwa mara ya kwanza.

USC ndiyo iliyotangulia kunusa mstari. Mwanzoni mwa mchezo Grenny Lansdell, mchezaji wao hatari kuliko wote, alichomoka na mpira na njia ikaonekana nyeupe. Robinson alimfuata, akamgonga mlangoni pa tachidauni, mpira ukamponyoka, na Strode akaudaka ukiwa ng'ambo ya mstari. Pointi 6 za USC zikayeyuka hivyo. Baada ya hapo pande zote mbili zilibanana hadi robo ya mwisho.

Kisha UCLA ikaanza safari yake. Kutoka karibu na mstari wao wenyewe walisogea yadi baada ya yadi, Washington akirusha na kukimbia, hadi wakafika yadi chache tu kutoka mwisho wa USC. Majaribio matatu yalizuiwa na ukuta wa wenyeji hao wengine wa Coliseum. Likabaki la nne, mpira ukiwa umbali usiofika yadi 5. Teke la pointi 3 pengine lingetosha kumaliza kazi.

Kwa sheria za siku hizo kocha hakuruhusiwa kutuma maelekezo kutoka pembeni, na uamuzi ulikuwa wa wachezaji. Inasimuliwa kwamba mwongozaji wa mchezo, Ned Mathews, aliwauliza wenzake kumi: tupige teke au tuitafute tachidauni? Kura zikagawanyika tano kwa tano, na yeye ndiye aliyebaki kuamua. Akachagua tachidauni. Washington akarudi nyuma, akarusha, na Bobby Robertson wa USC akaugonga mpira ukaanguka chini.

Lawama za uamuzi huo zilimwandama Mathews miaka mingi. Naona hazikuwa za haki. Hapakuwa na fundi wa mateke anayeingia uwanjani kwa kazi hiyo moja kama ilivyo sasa. Anayepiga alikuwa mmoja wa walewale waliochoka, mbele ya ukuta uleule uliozuia majaribio matatu. Mathews aliuweka mpira mikononi mwa mchezaji bora aliyekuwepo uwanjani, na Robertson alifanya kazi yake.

Sekunde chache kabla ya filimbi ya mwisho Horrell alimtoa Washington. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, mashabiki wa USC wakiwemo.

Matokeo yakawa suluhu, UCLA ikamaliza na ushindi 6, sare na suluhu 4, bila kupoteza. Rose Bowl ikaenda kwa USC, ambao siku ya Mwaka Mpya 1940 waliifunga Tennessee 14–0, timu ambayo haikuwa imeruhusu pointi hata moja msimu wote wa kawaida. Katika orodha ya mwisho ya wanahabari UCLA ilishika nafasi ya 7 nchi nzima. Washington aliongoza taifa kwa yadi 1,370 za kukimbia na kurusha, lakini orodha nyingi za kikosi bora cha taifa zilimweka kikosi cha pili. Hakuna sababu ya kimchezo inayoweza kueleza hilo.

Tuzo ya Heisman ya mwaka huo, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo, ilikwenda kwa Nile Kinnick wa Iowa. Alipoipokea New York alishukuru kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipambana viwanjani na si katika medani za Ulaya. Alifariki tarehe 2 Juni 1943, ndege yake ya jeshi la majini ilipoanguka baharini karibu na Venezuela wakati wa mazoezi. Alikuwa na umri wa miaka 24.

1940–1946: Vita na baada yake

Washington na Strode walipoondoka, msimu wa 1940 ulikuwa mchungu: ushindi mmoja, vipigo tisa. Septemba mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuandikisha vijana jeshini, na kuanzia hapo hakuna kocha aliyejua angebaki na nani. Robinson aliondoka chuoni mwaka 1941, akaenda kucheza Honolulu, akapanda meli ya kurudi siku mbili kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa. Mwaka 1942 aliitwa jeshini. Strode naye alilitumikia jeshi la anga. Mwaka huo huo wanafunzi wenye asili ya Japani waliondolewa madarasani kwa amri ya serikali na kupelekwa kambini. Historia ya chuo haikamiliki bila kuwataja.

Kengele ilikuwa na vita yake. Wanafunzi wa USC waliiiba mwaka 1941 na kuificha kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi Novemba 1942 viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walipokubaliana iwe zawadi ya mshindi wa pambano lao la kila mwaka. Desemba hiyo UCLA ya Horrell iliishinda USC 14–7, kwa mara ya kwanza katika historia, ikaichukua kengele na ubingwa wa ligi. Tarehe 1 Januari 1943 ilicheza Rose Bowl na kufungwa na Georgia 9–0.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1919 | Chuo chaanzishwa. Mechi ya kwanza |
| 1925 | Bill Spaulding aanza kazi |
| 1928 | Kuingia ligi ya Pwani ya Pasifiki |
| 1929 | Kuhamia Westwood. Mechi ya kwanza na USC |
| 1935 | Kugawana ubingwa wa ligi |
| 1939 | Msimu bila kufungwa chini ya Babe Horrell |
| 1942 | Ushindi wa kwanza dhidi ya USC |
| 1943 | Rose Bowl ya kwanza |
| 1954 | Ubingwa wa taifa kwa kura za makocha, chini ya Red Sanders |

Ligi ya kulipwa ya NFL haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945. Timu ya Rams ilipohamia Los Angeles mwaka 1946 na kuomba kutumia Coliseum, wanahabari Weusi wa jiji, Halley Harding akiwa mstari wa mbele, walisimama mbele ya kamati ya uwanja na kuhoji iweje timu inayowafungia nje watu Weusi ipewe uwanja uliojengwa kwa kodi za wote. Tarehe 21 Machi 1946 Rams ilimsajili Kenny Washington, na Mei ikamsajili Strode. Washington alikuwa ameshafikisha miaka 27 na magoti yake yalikuwa yamechoka kwa upasuaji. Miaka yake bora ilikuwa imepita katika ligi ndogo za Pwani ya Magharibi, na hasara hiyo ni ya mchezo mzima. Mwaka 1956 jezi yake, namba 13, ilistaafishwa, ya kwanza kupewa heshima hiyo katika chuo.

Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli. Strode aligeukia filamu, akacheza *Spartacus* ya mwaka 1960. Bartlett alirudi Pasadena akawa askari polisi.

Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie nauli ilisainiwa na watu watatu: Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.